Hati za kale za Kiswahili: uzifuate mtandaoni, Dar es Salaam, Nairobi au Mji wa Kale?

Mwaka jana kijana mmoja wa Majengo anayesomea shahada ya uzamili alinijia na swali. "Mwalimu, nataka kumsoma Muyaka kwenye hati yenyewe, si kwenye kitabu kilichopigwa chapa. Niende wapi?" Alikuwa ameshaweka akiba ya nauli ya Nairobi. Nikamwambia asitoke kwanza.

Muyaka bin Haji, mshairi aliyezaliwa kama mwaka wa 1776 na kufa kama 1840, alitunga hapa Mvita, akiwatungia watu wa Mvita. Lakini karatasi mashuhuri za mashairi yake haziko Nairobi. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa hapa Mombasa ndiye aliyeyakusanya mashairi hayo yakiwa bado vinywani mwa watu, akayaandika kwa herufi za Kiarabu. Mmishonari William Taylor akayafanyia kazi pamoja naye, na karatasi za Taylor zikaishia London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Kijana yule angepanda treni Miritini, akalala Nairobi siku tatu, akarudi mikono mitupu, na pengine angeamini kwamba hati hizo zimepotea.

Ndiyo sababu naandika haya. Anayetafuta hati za kale za Kiswahili akiwa Mombasa ana njia nne kubwa mbele yake, na kila moja ina watu wanaoisifu kana kwamba nyingine hazifai. Nimezipita zote nne. Kila moja ina hati ambazo nyingine haina, na kila moja inakudai kitu.

Ya kwanza ni ya mtandaoni. Hapo nina maana hasa makusanyo ya SOAS, pamoja na mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, ambao ndani yake mna picha za hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu. Ya pili ni maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ya tatu ni Nyaraka za Taifa, Nairobi. Ya nne ni hapa hapa tulipo: Makumbusho ya Fort Jesus na watafiti wa RISSEA, taasisi ya utafiti wa Uswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, na pamoja nao masanduku yaliyo majumbani Mji wa Kale, Kibokoni, Kuze na kwingineko. Nimeiweka ngome na majumba katika njia moja kwa sababu ukiingia kwa mlango mmoja utaelekezwa kwenye mwingine.

Zipo na nyingine. Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, zina barua za enzi ya masultani na hati nyingi za Kiarabu, na swali lako likihusu utawala wa Busaidi hakuna pa kuanzia zaidi ya hapo. Ujerumani nako kuna hati nyingi, mojawapo ikiwa ya Utendi wa Tambuka, iliyoko Hamburg na inayotajwa kuwa ya mwaka wa 1728. Lakini hizi nne ndizo ambazo watu wa hapa hukwama baina yake, kwa hiyo nitabaki nazo.

Mambo matano ya kupimia

Usiulize ipi ni bora. Uliza mambo matano. Utajuaje kwamba hati unayoitaka ipo mahali hapo? Utaifikia vipi? Ukishaifikia, utaweza kuisoma? Utaruhusiwa kunakili na kutumia nini? Na itakugharimu nini, kwa fedha na kwa siku? Watu wengi huuliza la pili na la tano tu. La tatu ndilo linalowaangusha, na ndilo nitakalolikalia zaidi.

Kujua hati iko wapi

Kwenye orodha za SOAS, kosa la kwanza la kila mgeni ni kutafuta kwa jina la mshairi. Hati nyingi zimepangwa kwa jina la aliyezikusanya au aliyezitoa: Taylor, Hichens, Alice Werner, Knappert, na Yahya Ali Omar, msomi wa hapa Mombasa aliyefanya kazi London miaka mingi. Ukiandika "Muyaka" utapata kitu, lakini ukifungua karatasi za Taylor na za Hichens moja moja utapata zaidi. William Hichens ndiye aliyeitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na kazi yake ilitegemea karatasi zilizotangulia.

Jambo la pili ni tahajia. Jina moja laweza kuandikwa Mwana Kupona mahali hapa na Mwanakupona mahali pale. Utungo mmoja huitwa utendi na huyu, utenzi na yule. Utungo wa Inkishafi huja ukiwa na "Al" na bila ya "Al". Jaribu zote. Tena mashairi mafupi hayana anwani, kwa hiyo mara nyingi waandalizi wa orodha huyatambulisha kwa mstari wa kwanza. Ikiwa bibi yako alikuwa akiimba shairi na unaukumbuka mwanzo wake, mwanzo huo ni ufunguo kuliko jina lolote.

Dar es Salaam ina kitu ambacho nakithamini sana: orodha iliyopigwa chapa. J. W. T. Allen, aliyezunguka pwani hii miaka ya sitini akikusanya na kunakili, alitoa mwaka 1970 orodha ya hati za Kiswahili na Kiarabu zilizo katika maktaba ya chuo, pamoja na kanda za sauti. Ukiipata nakala yake kwenye maktaba ya chuo chochote, unaweza kukaa nayo hapa Mombasa ukaandika namba zote unazozitaka kabla hujakata tiketi ya basi. Ni orodha ya zamani, na kilichoingia baada yake hakimo, lakini mtu anayekwenda Dar bila ya kuipitia anakwenda kupapasa.

Nairobi ni habari nyingine kabisa. Nyaraka za Taifa hazikupangwa kwa mada. Zimepangwa kwa ofisi iliyozitoa. Hutapata rafu iliyoandikwa "mashairi ya Kiswahili". Utapata mafaili ya Mkuu wa Mkoa wa Pwani, yenye alama ya PC/COAST, na humo ndani, katikati ya barua za Kiingereza kuhusu kodi na maji, utakuta barua ya liwali, malalamiko ya wazee wa mtaa, au maneno ya kadhi. Kabla ya kwenda jiulize: karatasi ninayoitaka ilimfikia afisa gani, na kwa sababu gani? Ukiweza kulijibu swali hilo, umeshaipata nusu ya njia. Ukishindwa, utafungua mafaili wiki nzima.

Majumbani hakuna orodha. Orodha ni watu. Imamu wa msikiti anajua nani alimrithi nani. Bibi harusi wa zamani anajua sanduku la mkwewe lilikwenda kwa nani baada ya mirathi. Kule Fort Jesus na RISSEA wapo watu waliokwisha kuzunguka, na saa moja ya mazungumzo nao inaweza kukuepusha na miezi miwili ya kubisha milango isiyo na kitu.

Kuifikia

Mtandaoni kunaonekana kwepesi, na kwa sehemu ni kwepesi. Simu ya mkononi yatosha kuziona picha za hati zilizopigwa na kuwekwa wazi, bila ya ada. Lakini si kila kilichoorodheshwa kimepigwa picha. Ukikuta maelezo bila ya picha, andika barua pepe kwa dawati la makusanyo maalumu, utaje namba ya hati kamili na kurasa unazozitaka. Anayeandika "nataka hati za Mombasa" hupata jibu la jumla, na anayetaja namba hupata jibu la hati.

Tusisahau pia yaliyotokea Oktoba 2023. Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, na huduma zake za intaneti zikazimika kwa miezi. Hati za Riyadha zenyewe zilikuwa salama Lamu, kwa sababu mradi ule hupiga picha na kuziacha hati kwa wenyewe, lakini mtafiti aliyezitegemea picha alibaki akitazama ukurasa usiofunguka. Tangu hapo nawaambia wanafunzi: unapoiona picha unayoihitaji na masharti yanaruhusu, ihifadhi siku ile ile.

Dar ni basi kupitia Lunga Lunga, siku moja ya safari. Chukua barua ya utambulisho kutoka chuoni kwako, yenye jina la mradi na muda wake, na uwaandikie kabla. Kwa asiye raia wa Tanzania, utafiti rasmi unataka kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, na kibali huchukua muda, kwa hiyo kianze mapema kuliko unavyodhani. Zanzibar ina utaratibu wake yenyewe, si ule wa bara.

Nairobi ndiyo rahisi kuingia kwa Mkenya. Jengo liko Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, lile lililokuwa benki zamani. Unakwenda na kitambulisho, unajiandikisha, unalipa ada ndogo, unaacha mkoba mapokezi, unaingia chumba cha kusomea na penseli na daftari. Kama utafiti wako ni wa shahada, uwe na kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, mkononi. Faili unaliomba kwa fomu, unalingoja, linaletwa. Fika asubuhi. Anayefika saa nane mchana hupata faili moja na nusu.

Na Mji wa Kale? Hapo mlango ni hodi. Usiende peke yako mara ya kwanza, nenda na mtu anayejulikana nyumba ile. Nenda baada ya alasiri, watu wakiwa wametulia. Usiombe kuona sanduku. Waulize habari za mwenye sanduku, alikuwa nani, alisoma kwa nani, alisomesha wapi. Sanduku litafunguliwa siku ya pili au ya tatu, au halitafunguliwa, na yote mawili ni haki yao. Ndani yake huenda mna msahafu, vitabu vya fiqhi, vitabu vya tiba, hati za wakfu na barua za mirathi. Hati za wakfu na mirathi zinagusa nyumba ambazo watu wanaishi ndani yake hivi sasa. Elewa kwa nini mzee anakutazama hivyo. Na iwe una udhu, kwa sababu kitabu cha kwanza kutolewa mara nyingi ni msahafu, na utaambiwa, "Haya, shika."

Kuisoma

Hapa ndipo njia zote nne zinapopimwa kwa kweli.

Hati nyingi tunazozizungumzia ziko kwa herufi za Kiarabu, na herufi za Kiarabu za zamani hazikuwa na nafasi ya sauti zote za Kiswahili. Herufi ya be ilibeba b, p, na mb, pengine na bw na mbw. Dali ilibeba d na nd. Ghaini ilibeba gh, g, ng na ng'. Kwa alama za irabu, kasra ilikuwa i na e, dhumma ilikuwa u na o. Waandishi wa baadaye walizidisha vitone kuzitenga pe, che na ve, lakini hati kongwe hazina msaada huo.

Nitatoa mfano mmoja nilioushika kwa mikono yangu. Nilikuwa na picha ya ubeti niliyoipata mtandaoni, safi kabisa, kila kitone kinaonekana. Neno moja lilikuwa be yenye kasra na ye, kisha te yenye kasra. Nikasoma "biti", yaani binti wa fulani, na nikaanza kuandika maelezo juu ya msichana aliyeingia ghafla katika ubeti ule. Mizani ilikubali, kwa kuwa biti ni mizani mbili. Jioni nilimsomea bibi mmoja wa Kibokoni, ambaye macho yake yamefifia lakini masikio hayajafifia. Hakunisubiri nimalize. "Hapana biti hapo, mwanangu. Huyo avishwa pete." Be ile ile, te ile ile, kasra zile zile. Pete! Ubeti mzima ukafunguka: kidole kilichotajwa mstari wa juu kikapata kazi yake. Nilifuta kurasa mbili za maelezo usiku ule.

Kwa hiyo picha ya London, hata ikiwa nzuri namna gani, haikusomei. Katika jambo hili njia ya nyumbani inazishinda zote: hapa kuna watu waliozisikia tungo hizi kabla hawajaziona. Dar nayo ina nguvu yake, na ndiyo maana nimezitaja kanda. Kusikia utendi ukisomwa kwa sauti na mtu wa zamani kunatatua maneno ambayo macho hayatayatatua. Nairobi tatizo hili ni dogo zaidi, kwa sababu barua nyingi za Kiswahili kwenye mafaili zimeambatana na tafsiri ya karani. Ila usiiamini tafsiri ile kupita kiasi. Karani aliandika kile ambacho ofisi ilitaka kujua, na maneno ya heshima, duwa na lawama za chini chini aliyaacha.

Kuna mambo mengine ambayo karatasi yenyewe hukuambia na picha haikuambii, au hukuambia nusu. Ukiinua ukurasa kwenye mwanga unaweza kuona alama ya maji ya kiwanda cha karatasi. Karatasi yenye alama ya miezi mitatu michanga ilitoka Italia na ilisafiri sana katika biashara ya bahari hii, na mtu anayejua alama hizo anaweza kukisia umri wa hati isiyo na tarehe. Matundu ya mdudu nayo husema. Mdudu hutoboa kwa kwenda mbele, kurasa kumi kwa mpigo, na tundu hubaki mahali pale pale kila ukurasa. Ukiona kurasa mbili zinazofuatana ambazo matundu yao hayakutani, jua kuna ukurasa uliohama au uliopotea.

Lipo moja la aina hiyo ambalo picha inalionyesha vizuri, na nawaomba wote walitumie. Angalia chini ya ukurasa, pembeni. Waandishi wengi waliweka pale neno moja dogo, ambalo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Kama ukurasa unaofuata hauanzi na neno hilo, mpangilio umevurugika, iwe ni kwa mshonaji wa kitabu au kwa aliyepiga picha. Kisha nenda mwisho kabisa. Hapo mwandishi hutaja mara nyingi jina lake na tarehe ya Hijria aliyomaliza kunakili. Kuibadili haraka haraka: zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Mwaka wa 1275 wa Hijria, mwaka wa Utendi wa Mwana Kupona, unakupa 1858. Lakini angalia hiyo ni tarehe ya utungo au ya nakala, kwa sababu hati ya utungo wa 1858 yaweza kuwa imenakiliwa miaka hamsini baadaye.

Kunakili na kutumia

Picha za mtandaoni kwa kawaida unaweza kuzitumia kwa masomo yako, na masharti yameandikwa pale pale. Kuzichapisha kitabuni ni jambo jingine, na huombewa ruhusa. Dar na Nairobi kunakili kunataka idhini na ada, na usitoe simu yako kupiga picha kabla ya kuuliza mezani. Kwa sheria ya Kenya ya 2001, haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliokufa, kwa hiyo tungo za Muyaka ziko huru zamani, lakini shairi la mtu aliyefariki mwaka 1990 haliko huru, hata kama ulilipata ndani ya sanduku la mjukuu wake.

Popote uendapo, kabla hujapiga picha ya ukurasa wa kwanza, andika namba ya hati kwenye kikaratasi, kiweke kando ya ukurasa, ukipige pamoja. Niliwahi kurudi na picha zaidi ya sitini za faili moja bila ya namba hata moja. Barua niliyoitaka nilikuwa nayo, naiona, naisoma, na sikuweza kuitaja katika maandishi yangu kwa kuwa sikuweza kusema ilikotoka. Ilibidi nirudi safari nzima.

Majumbani hakuna fomu, kuna ahadi, na ahadi ni nzito zaidi. Usiombe kuondoka na hati. Piga picha pale pale mkekani kama wenyewe wameridhia, na uwaachie nakala ya picha zote, si zile ulizozipenda tu. Ulizeni pamoja jina la familia litajwe au lisitajwe. Mimi nina kitabu kidogo cha duwa nilichopigiwa picha miaka kadhaa iliyopita kwa sharti kwamba nisome tu, nisichapishe. Hadi leo sijachapisha. Mzee amefariki, sharti halijafariki.

Fedha na siku

Mtandaoni ni bando na muda wa macho. Nairobi ni tiketi ya treni, malazi, na siku zisizopungua tatu. Dar ni nauli, malazi, kibali na walau wiki mbili, maana kwenda mbali hivyo kwa siku mbili ni hasara. Mji wa Kale hauna nauli, lakini ndio unaokula muda kuliko zote. Nimewahi kungoja miezi saba kwa kurasa kumi na mbili.

Kwa hali yako wewe

Kama unamwandikia tasnifu Muyaka au mtunzi mwingine wa Mvita wa karne ya kumi na tisa, anza mtandaoni na karatasi za Taylor na Hichens, kisha peleka usomaji wako kwa wazee wa hapa kabla ya kumpelekea msimamizi wako. Safari ya London ije baadaye, kama itakuja, na iwe kwa ajili ya yale tu ambayo picha imeshindwa kukujibu.

Kama unalinganisha nakala nyingi za utendi mmoja, na hasa za Lamu na Pate, Dar ina haki ya kuwa safari yako ya kwanza, kwa orodha yake na kwa kanda. Fungua pia picha za Riyadha. Utajenga jedwali la tofauti beti kwa beti, na hapo ndipo utakapojua nakala ipi imetoka kwa ipi.

Kama unafuatilia historia ya mtaa, shamba, msikiti au mgogoro wa ardhi uliofuata sheria ya hatimiliki ya 1908, nenda Nairobi, ukiwa na majina ya watu na miaka. Majina yakusanye hapa kwanza, kwa wazee, na pamoja na majina ya mkato, kwa sababu karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia.

Kama unasoma shahada ya kwanza na una muhula mmoja tu, usiingie majumbani kwa mara ya kwanza. Muda hautakutosha, na utawaharibia wengine mlango. Chukua hati moja fupi iliyo wazi mtandaoni, beti ishirini tu, uisome kikamilifu kwa herufi zake, na upate mtu mmoja RISSEA au madrasani wa kukusahihisha. Hiyo ni kazi kamili.

Kama wewe ni mwandishi wa magazeti au wa vipindi vya redio unayetaka habari za wasomi wa hapa, mathalani Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui aliyetoa magazeti ya Sahifa na al-Islah mwanzoni mwa miaka ya thelathini, changanya Nairobi na majumbani. Serikali ilifuatilia yaliyochapishwa, na familia zinakumbuka yasiyochapishwa.

Na kama wewe si mtafiti kabisa, ila baba amefariki na sanduku limebaki kwako, usilipeleke popote bado. Litoe mahali penye unyevu na mbali na ukuta wa bafu. Usizigundishe kurasa kwa gundi wala kwa utepe wa plastiki. Usizianike juani. Nawa mikono, ikauke, kisha hesabu vitabu na ukiandikie kila kimoja namba kwenye kikaratasi kilichowekwa ndani, si kwenye hati yenyewe. Piga picha ya ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa kila kitabu. Andika pembeni unachokijua: kilikuwa cha nani, kilitoka wapi, nani alikuwa akikisoma na siku gani. Kisha nenda ngomeni na daftari hilo, bila ya sanduku, uwaonyeshe, na usikilize wanakwambia nini kabla hujaamua kama mtu mwingine atakigusa.